Kuhifadhi Kunde na Maharagwe kwa Dawa za Mimea

Wasikilizaji wetu, nanyi mtakaoyasoma mazungumzo haya katika kijitabu: wazee walisema kwamba akiba haiozi. Neno hilo ni la kweli kwa mambo mengi, lakini mwenye kunde ghalani ana haki ya kulitilia shaka. Yeye huvuna, hupura, hupepeta, hutia katika gunia na kulishona mdomo. Miezi mitatu ikipita hulifungua gunia lile kwa furaha, na tazama, hukuta unga umejaa chini, vijidudu vyatembea juu, na kila punje ina matundu ya mviringo kana kwamba mtu amezitoboa kwa msumari. Akiba yake haikuoza. Imeliwa, na walioila hakuwakaribisha.

Hasara ya jambo hili si moja, bali ni tatu. Ya kwanza ni hasara ya chakula. Kunde, maharagwe, choroko na mbaazi ndivyo vyakula vinavyojenga mwili katika nyumba ambazo nyama haiingii kila siku, na punje iliyobunguliwa hupungua uzito na hugeuka ladha. Ya pili ni hasara ya mbegu, kwa kuwa mdudu akiisha kula kiini cha punje, punje hiyo haioti, au huota mche dhaifu. Ya tatu ni hasara ya fedha, nayo watu wengi hawaioni. Mkulima aogopaye wadudu huuza upesi wakati wa mavuno, siku ambazo kila mtu auza na bei iko chini. Kisha msimu wa kupanda ukifika hana budi kununua mbegu kwa bei ya juu. Mdudu huyo hakumla kunde zake tu, amemla na faida yake.

Basi twataka kueleza leo namna adui huyu anavyoishi, mimea ambayo yaweza kutusaidia kumzuia, na namna ya kuitengeneza mimea hiyo pasipo kujidhuru sisi wenyewe.

Adui na mwendo wake

Katika lugha ya kila siku wadudu hawa wote huitwa fukusi, lakini hawako wa namna moja. Yuko fukusi wa kunde, ambaye hupenda pia choroko na mbaazi. Na yuko fukusi wa maharagwe, ambaye asili yake ni Amerika, kama maharagwe yenyewe. Wote ni wadogo, urefu wao ni kama milimita 2 hadi 4, na wote huweza kuruka.

Fukusi jike wa kunde huanza kazi yake shambani, maganda yanapokauka, kabla hata kunde hazijafika nyumbani. Kwa hiyo gunia laweza kuwa safi, na ghala laweza kuwa jipya, na hata hivyo mdudu akawa amekwisha kuingia pamoja na mavuno. Hapa ndipo palipo na maana ya mithali isemayo kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Jike huyo hutaga mayai madogo meupe na kuyagandisha juu ya ngozi ya punje. Tazameni kunde zenu kwa makini, mtayaona kama vitone vya chokaa. Jike mmoja huweza kutaga mayai yapatayo 100. Buu akiisha kuanguliwa hatoki nje hata kidogo. Hutoboa chini ya yai lake na kuingia moja kwa moja ndani ya punje. Humo hula, hukua, na hugeuka mdudu kamili. Kisha hukata dirisha la mviringo katika ngozi ya punje, hulisukuma, na kutoka. Katika nchi ya joto, kama vile pwani, mwendo huu wote huchukua majuma 3 au 4. Katika nchi ya baridi huchukua siku nyingi zaidi. Akiisha kutoka hana haja ya kula tena. Hukaa karibu majuma mawili, na katika siku hizo huzaa na kufa.

Na tufanye hesabu kidogo. Tuseme kwamba katika mayai ya jike mmoja wapona majike 20 tu. Baada ya kizazi kimoja tunao 20. Baada ya viwili, 400. Baada ya vitatu, 8,000. Ndiyo sababu mtu huona wadudu wachache mwezi wa kwanza akapuuza, na mwezi wa nne akalia.

Fukusi wa maharagwe yeye hayagandishi mayai yake. Huyataga ovyo katikati ya punje, na buu mchanga hutembea mwenyewe kutafuta mahali pa kutoboa. Kutoboa huko humchukua kama siku moja, naye hujitegemeza kati ya punje mbili ili apate nguvu ya kuchimba. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba maharagwe yakigeuzwa-geuzwa chomboni asubuhi na jioni, mabuu wengi mno hufa kwa kupoteza matundu yao kabla hawajaingia. Kazi hiyo haina gharama, na hata mtoto aweza kuifanya. Ila kwa kunde haifai hivyo, maana buu wa kunde huingia kutoka chini ya yai lililogandishwa, wala hahitaji kujitegemeza.

Katika habari hizi twapata kanuni mbili. Kwanza, dawa itiwayo juu ya punje haimfikii buu aliye ndani. Basi itiwe mapema, mara baada ya kupura na kukausha, si baada ya kuona unga. Pili, yafaa kuwaua kwanza wale waliokwisha kuingia, ndipo dawa iwazuie wengine.

Kwanza jua

Kabla ya kutaja mimea, hatuna budi kutaja jua. Kunde mbichi hazihifadhiki kwa dawa yoyote, kwa kuwa huota ukungu. Ili kujua kama zimekauka, chukueni chupa kavu, mtie konzi ya kunde na chumvi kavu kidogo, mtikise, kisha mwiache kwa robo saa. Chumvi ikishikamana na ukuta wa chupa, kunde zina maji bado, zianikwe tena. Isiposhikamana, ziko tayari.

Jua laweza pia kuua. Iko njia iliyofundishwa kwa wakulima wa kunde nchini Kameruni: kunde hutandazwa tabaka jembamba juu ya karatasi nyeusi ya plastiki iliyowekwa juu ya nyasi kavu, kisha hufunikwa kwa plastiki nyangavu, na pembe hukunjwa ili joto lisitoke. Wakati wa adhuhuri, siku ya jua kali, joto la ndani huzidi lile la nje kwa kadiri kubwa. Kunde zenyewe zikifika digrii 57 na kukaa hivyo kwa saa moja, yai, buu na mdudu mzima hufa wote. Ziacheni zipoe kabisa kabla ya kuzitia chomboni, ndipo dawa ya mimea ifuate siku ile ile.

Mafuta ya kula

Labda mtu atauliza, Je, mafuta ya kupikia nayo ni dawa? Naam, ni dawa, tena ndiyo tunayoitanguliza kwa akiba ya chakula. Mafuta ya karanga, ya nazi au ya alizeti yakipaka punje kwa utando mwembamba, hulifunika yai la fukusi hata lisipate hewa, na mtoto aliye ndani hufa kabla ya kuanguliwa.

Kipimo chake ni mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa kila kilo moja ya kunde. Gunia la kilo 100 lataka nusu lita. Msimimine mafuta juu ya gunia lote mara moja, maana punje za juu zitalowa na za chini zitabaki kavu. Gaweni kunde mafungu madogo, kila fungu litiwe mafuta yake katika beseni, likorogwe kwa mikono mpaka kila punje ing'ae. Nguvu ya mafuta hupungua kadiri miezi inavyopita. Basi akiba itazamwe kila mwezi.

Lakini angalieni: mafuta ya mbono na ya mbarika si ya kupikia, wala yasitiwe katika kitu kitakacholiwa.

Mwarobaini

Mti huu asili yake ni nchi za Bara Hindi, nao umeenea sana pwani yetu na katika miji mingi ya bara. Huitwa mwarobaini kwa kuwa watu husema waponya maradhi arobaini. Sisi hatuyahesabu maradhi hayo leo. Twasema habari za wadudu tu.

Katika mwaka 1959 mtaalamu mmoja Mjerumani, Heinrich Schmutterer, alikuwa Sudani wakati nzige walipoishambulia nchi. Aliona kwamba nzige waliitua miarobaini lakini hawakuila, ijapokuwa miti mingine iliyoizunguka ilibaki matawi matupu. Mwaka 1968 wataalamu wa Uingereza walifaulu kuitenga sumu yenyewe kutoka katika mbegu za mti huo, nayo huitwa azadiraktini. Haimwui mdudu papo hapo kama pigo la fimbo. Humwondolea hamu ya kula, na humvuruga asiweze kujivua ngozi na kukua. Sumu hiyo imo kwa wingi zaidi katika mbegu kuliko katika majani. Basi mtu atumiaye majani makavu peke yake asishangae akiona kazi ni ndogo.

Matengenezo yake ni haya. Okoteni matunda yaliyoiva na kuwa ya manjano. Ondoeni nyama yake, mzioshe mbegu, mzianike kivulini penye upepo. Msizianike juani, kwa kuwa jua kali huivunja nguvu ya dawa. Wala msitumie mbegu zilizoota ukungu, kwa sababu ukungu una sumu nyingine iliyo mbaya kwa watu. Zikikauka, zitwangeni kidogo, mpepete maganda, mbaki na viini.

Atakaye unga atatwanga viini hivyo mpaka vilainike. Atakaye mafuta ataendelea kutwanga mpaka viwe donge la kunata, atatia maji ya moto kidogo kidogo, na kulikanda donge hilo kwa mkono kama akandavyo unga wa chapati. Mafuta yatatoka, ayakamue na kuyachuja kwa kitambaa. Mafuta hayo hufanya kazi mbili: huliziba yai kama mafuta mengine, na uchungu wake humfukuza fukusi.

Kwa kuwa mafuta ya mwarobaini ni machungu mno, na kwa kuwa yamepata kudhuru watoto waliyoyanywa, sisi twashauri yatumiwe kwa mbegu za kupanda. Kipimo ni kile kile: kijiko kimoja cha chai kwa kilo. Yasizidi, maana mafuta mengi yaweza kuzuia mbegu isiote. Kabla ya msimu, chukueni mbegu 20 za akiba hiyo mzioteshe katika kitambaa chenye unyevu. Zikiota 16 au zaidi, mbegu zenu ni njema.

Utupa

Wavuvi wa zamani waujua utupa vizuri. Majani yake yakipondwa na kutiwa mtoni, samaki huelea. Sheria za siku hizi zakataza uvuvi wa namna hiyo, tena ni haki zikataze, kwa kuwa sumu haichagui samaki mkubwa na mdogo. Lakini sumu ile ile, ambayo wataalamu waiita rotenoni pamoja na ndugu zake, humzuia mdudu asiweze kuitumia hewa aivutayo, naye hufa.

Hapa pana jambo ambalo wakulima wengi hawajaambiwa, nalo ni la maana kuliko yote tuliyosema. Mwaka 2012 wachunguzi walioupima utupa wa Malawi walitangaza kwamba uko wa namna mbili. Namna ya kwanza ina sumu hiyo; namna ya pili haina, na unga wake hauwadhuru wadudu. Majani, maua na maganda vyafanana, hata macho hayawezi kuzitenga. Basi huenda watu wawili wakatwanga utupa, kila mmoja kwa uaminifu, mmoja akahifadhi mbegu zake na mwingine akapoteza zote. Na yule aliyepoteza akasema kwamba dawa za mimea ni uongo. Dawa si uongo. Kichaka chake ndicho kilichokuwa kitupu.

Majani ya utupa huchumwa, hukaushwa kivulini, hutwangwa na kuchekechwa. Katika majaribio mengi ya dawa za unga, kipimo ni sehemu 1 hadi 5 katika 100, yaani gramu 10 hadi 50 kwa kilo moja. Mwenye kutwanga ajifunge kitambaa puani na mdomoni, na kinu hicho kisitwangiwe chakula. Nasi twashauri utupa nao uwe wa mbegu tu, si wa kunde za kula.

Maji ya utupa nayo yana kazi yake. Unga wa kilo 1 hulowekwa katika lita 10 za maji yaliyotiwa sabuni kidogo, kadiri ya gramu 10. Sabuni husaidia kuitoa sumu katika majani. Baada ya siku moja huchujwa. Maji hayo yasimwagiwe kunde kavu, maana tutakuwa tumezirudishia unyevu tuliouondoa kwa taabu. Magunia matupu yachovywe humo na kukaushwa kivulini, na kuta za ghala na nyufa zake zinyunyiziwe kabla ya mavuno kuingia. Mabaki yasimwagwe karibu na kisima, mto wala bwawa la samaki.

Jaribio la makopo manne

Mtu atajuaje basi kama utupa wake ni wa kweli? Na ajaribu. Jaribio hili lawafaa sana wanafunzi, wala halitaki chombo ila mizani na makopo manne yaliyo sawa.

Chukueni kilo 2 za kunde zilizopata jua kali kama tulivyoeleza, mzigawe nusu kilo kwa kila kopo. La kwanza lisitiwe kitu. La pili litiwe nusu kijiko cha chai cha mafuta ya kula. La tatu litiwe gramu 25 za unga wa mbegu za mwarobaini. La nne, gramu 25 za unga wa utupa mtakaoupima. Korogeni vizuri, kisha tieni fukusi 10 walio hai katika kila kopo, mfunge midomo kwa kitambaa chepesi, mwandike jina na tarehe.

Siku ya tatu na siku ya saba, hesabuni waliokufa. Baada ya majuma 6, toeni punje 100 katika kila kopo mhesabu zenye matundu. Kopo la kwanza ndilo shahidi: pasipo hilo hamtajua kama wadudu wamekufa kwa dawa au kwa uzee wao. Ikiwa kopo la utupa lafanana na kopo la shahidi, kichaka hicho hakina sumu. Tafuteni kingine mkijaribu tena. Ikiwa wadudu wamekufa upesi na punje ni nzima, wekeni alama kwenye kichaka hicho, mchukue mbegu zake mzipande uani, mwagawie na jirani. Kwa njia hiyo kijiji kizima chaweza kuwa na utupa wa kweli.

Maonyo na shauri letu

Wako watu ambao, kwa hofu ya fukusi, huchukua dawa za dukani zilizofanywa kwa pamba au mboga za shambani na kuzitia katika chakula. Jambo hili ni hatari kubwa, na limeua watu. Dawa isiyoandikwa kwamba ni ya nafaka na kunde zilizohifadhiwa isiingie ghalani kabisa. Kadhalika mtu asidhani kwamba kitu kikiota shambani hakiwezi kumdhuru. Utupa huua samaki, na mbarika huua watu. Zote mbili ni mimea.

Kwa hiyo shauri letu ni kwamba kila nyumba igawe akiba yake sehemu mbili. Kunde za mbegu ziwekwe katika chungu au kibuyu chake, zipakwe mafuta ya mwarobaini au zichanganywe na unga wa utupa uliojaribiwa, na chombo kitiwe alama ambayo hata mtoto aijua, ili zisipikwe. Kunde za kula zipewe jua na mafuta ya kula, na zioshwe vema kabla ya kupikwa. Ambaye ana uwezo aweza pia kutumia pipa lenye kifuniko kisichopitisha hewa, lililojazwa mpaka juu, au ule mfuko wa tabaka tatu ambao ulianza kutafutwa mwaka 1987 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue pamoja na wenzao wa Kameruni. Humo wadudu huimaliza hewa wakafa wenyewe, wala hapana haja ya dawa.

Msimu wa mavuno hauwi mrefu, na kazi huwa nyingi. Lakini mbegu za mwarobaini huokotwa kabla ya siku hizo, na jaribio la makopo lataka majuma 6 tu. Anayeanza sasa atakuwa tayari siku kunde zitakapoletwa nyumbani. Anayengoja mpaka aone unga chini ya gunia atakuwa amechelewa, kwa maana adui atakuwa amekwisha kufunga mlango kwa ndani.